Ni nani hasa anayeishikilia parokia ya kijijini isianguke?

#1 MtunzaVitabu

Wadau, salamu. Nimekuwa katibu wa parokia ya kijijini kwa miaka kumi na minne, kazi isiyo na mshahara, na katika muda huo nimewapokea na kuwaaga maparoko wanne. Kila mmoja alipohamishwa watu walinong'onezana kwamba sasa kanisa litapoa, na halikupoa. Kuna kipindi tulikaa miezi kumi na mmoja bila padre wa kuishi nasi, Misa ikipatikana mara moja kwa mwezi na Jumapili nyingine tukifanya Ibada ya Neno, lakini mabenchi yalijaa kama kawaida.

Pigo la kweli lilitufika baadaye, paroko akiwapo, pale mama mzee aliyekuwa akitunza ufunguo wa kanisa alipougua. Ndani ya miezi mitatu mlango ulikuwa ukifunguliwa kwa kuchelewa, taa ya tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi, ilizimika mara mbili bila mtu kugundua, watoto wa mafundisho walikuta kumefungwa wakarudi nyumbani, na rozari ya jioni ikafa kabisa. Hakuna aliyekuwa ameona kwamba mambo hayo yote yalikuwa yakining'inia kwenye kamba moja, naye mwenyewe hakuwa na cheo chochote katika halmashauri yetu.

Kwa hiyo natoa hoja hii ijadiliwe: parokia ya kijijini hushikiliwa na yule anayefungua mlango na yule anayeandika vitabu, na padre, hata awe mwema kiasi gani, ni mpitaji. Wala si jambo geni. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoamuru kila parokia ya Uingereza iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi, aliagiza kitabu hicho kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja abaki nao mchungaji na wa pili wakae nao walezi wa kanisa, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake.

Ninaomba kila atakayechangia ajibu kwanza swali dogo: kwenu, ufunguo uko kwa nani?

#2 Mwana wa Sakristia

Ahsante kwa mada. Kwetu ufunguo uko kwa paroko mwenyewe, na nitaitetea nafasi yake.

Ndugu katibu, umesema padre ni mpitaji, lakini mfano wako unaonyesha kwamba miezi kumi na mmoja mliishi kwa akiba aliyowaachia aliyetangulia. Tazama kijiji cha Ars nchini Ufaransa. Padre Jean-Marie Vianney alipofika mwaka 1818 alikuta watu wapatao 230, baada ya Mapinduzi yaliyokuwa yamewatawanya mapadre na kuyafunga makanisa. Jengo lilikuwapo, wenye kulifungua walikuwapo, lakini imani ilikuwa imepoa. Akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1859, miaka 41 katika kijiji kimoja, na watu wakawa wanatoka mbali kwa maelfu kuja kuungama kwake. Si bure kwamba Kanisa lilimfanya msimamizi wa maparoko. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 533, inamtaka paroko aishi katika nyumba ya parokia karibu na kanisa, kwa sababu uwepo wake ni sehemu ya kazi yake.

#3 Mwalimu wa Dini

Kwetu ufunguo uko kwa katekista, yaani mimi, na kabla yangu ulikuwa kwa baba yangu.

Ninamheshimu Vianney, lakini mwenzangu Mwana wa Sakristia, jiulize ni parokia ngapi za vijijini zinazoweza kukaa na padre mmoja kwa miaka 41. Parokia yetu ina vigango tisa, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, na paroko akijitahidi sana hufika katika kila kigango mara moja kwa wiki tano au sita. Katika wiki hizo za katikati kuna mtu anayewafundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, anayeongoza ibada, anayemfikia mgonjwa usiku na kusali naye, na anayempeleka marehemu kaburini. Watu wa kigango hawasemi "kanisa limekuja" padre anapofika. Husema "padre amekuja kanisani," na tofauti hiyo ni kubwa.

Daudi Okelo na Jildo Irwa, vijana wawili walioomba wenyewe kwenda kufundisha dini kule Paimol, kaskazini mwa Uganda, waliuawa mwaka 1918 wakiwa kazini huko. Hawakuwa mapadre. Walitangazwa wenye heri mwaka 2002. Na mwezi Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa zima, akiita kwa jina kazi ambayo vijiji viliijua tangu zamani. Ndugu katibu, ufunguo wako unafungua mlango tu. Neno linalosemwa ndani ndilo linalowaweka watu.

#4 Sauti ya Pili

Kwetu, kusema kweli, sijui ufunguo uko kwa nani. Nitauliza.

Wote mnazungumza kana kwamba watu huja kanisani kufundishwa. Mimi niliingia kanisani kwa mlango wa kwaya, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, wakati ambapo mahubiri hayakuwa yakinigusa hata kidogo. Nilikwenda kwa sababu sauti ya pili ilikuwa na watu watatu tu, na mmoja akikosekana wimbo ulipwaya, hivyo kukosekana kwangu kulionekana. Hapo ndipo nguvu ya kanisa dogo ilipo. Katika kanisa la mjini lenye waumini elfu mbili unaweza kukosa mwaka mzima na asiwepo wa kukuuliza, lakini kijijini ukikosa mazoezi ya Jumatano, kufikia Alhamisi mchana mtu yupo mlangoni kwako.

Ninakiri kwamba kwaya hiyo hiyo ilivunjika mara moja kwa ugomvi wa nani aimbe peke yake siku ya Pasaka, na familia mbili hazikusalimiana hadi Majilio. Lakini hata ugomvi ule ulikuwa ugomvi wa watu waliokuwa wakihitajiana.

#5 Mwalimu wa Dini

Sauti ya Pili, hatimaye umesema jambo ambalo sisi makatekista tumelijua siku zote: kwamba wanakwaya huwa hawasikilizi mahubiri. Karibu darasani, mwanangu, nafasi bado ipo.

#6 Binti wa Makaburini

Shikamooni wakubwa. Kwetu ufunguo uko kwa familia inayoishi jirani na uzio wa kanisa.

Ninaona sababu nyingine ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ni makaburi. Bibi yangu hakuwa mtu wa halmashauri wala wa kwaya, lakini kila Jumapili baada ya ibada alizunguka nyuma ya kanisa, akang'oa magugu juu ya kaburi la mumewe na la mtoto wake aliyemzika akiwa na wiki mbili, kisha akasimama akazungumza na wanawake wenzake waliokuwa wakifanya hivyo hivyo. Nusu saa ile ndiyo iliyokuwa parokia kwake. Mambo ya mgonjwa nani, mjane nani hana wa kumlimia, mtoto nani ameacha shule, yalijulikana pale, na kwa kawaida msaada ulikuwa umeshafika kabla kamati haijakaa.

Watu hulihama kanisa wasilolipenda, lakini ni vigumu kuwahama wafu wao. Kijiji cha Eyam huko Uingereza kilipopigwa na tauni mwaka 1665 na 1666, mchungaji wao William Mompesson aliwashawishi wajifungie ndani ya mipaka yao wasiueneze ugonjwa. Walilifunga kanisa, wakawa wakisali bondeni, mahali pa wazi, na kila familia ikawazika watu wake yenyewe bustanini na mashambani. Waliofariki hutajwa kuwa kama 260. Kijiji kilichokubali jambo zito namna ile lazima kilikuwa kimefungamana tangu kabla.

#7 Msomaji Mtulivu

Ninamsahihisha kidogo Binti wa Makaburini, kwa upendo. Mompesson hakuwashawishi peke yake. Alikuwa mgeni pale, kijana, na watu hawakuwa wamemzoea. Ilibidi ashirikiane na Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeondolewa katika nafasi hiyo kwa kukataa kukifuata kitabu rasmi cha sala, ambaye bado alikuwa akiaminiwa na sehemu kubwa ya kijiji. Walikuwa watu wa misimamo miwili iliyopingana, na hata hivyo walikaa wakaafikiana. Ukilitazama hivyo, Eyam inamuunga mkono Mwana wa Sakristia kwa upande mmoja, kwamba kiongozi ni muhimu, na kumkana kwa upande mwingine, kwa sababu kiongozi mwenye cheo hakutosha bila yule mwenye kuaminiwa.

Mompesson alimpoteza mkewe, Catherine, katika tauni hiyo, Agosti 1666. Nimelitaja hilo kwa sababu mara nyingi tunamzungumzia paroko au mchungaji kana kwamba yeye husimama nje ya msiba wa kijiji.

#8 Binti wa Makaburini

Ahsante kwa sahihisho, nimelipokea.

#9 Msharika

Mimi ni Mlutheri, na kwetu ufunguo huzunguka kwa wazee wa kanisa kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja.

Sisi hatusemi parokia, tunasema usharika, na neno hilo ndilo jibu langu. Mwenye kushiriki ni mwenye fungu katika jambo, na mwenye fungu hutoa na huuliza. Nimekuwa mtunza hazina kwa vipindi viwili, na nimejifunza kwamba usharika hauvunjiki kwa umaskini. Tuliezeka paa wakati wa ukame, kila nyumba ikileta ilichoweza, na waliokuwa hawana kitu wakaleta mikono yao. Usharika huvunjika siku ambayo watu wanatoa na hawasomewi hesabu. Kabla yangu kulipita mwaka mmoja na nusu bila taarifa ya fedha kusomwa mbele ya ibada, na ingawa hakuna aliyethibitishwa kuwa ameiba, matoleo yalishuka hadi karibu theluthi, na yalichukua miaka mitatu kurudi. Kwa hiyo, kaka katibu, ninakubaliana nawe kuhusu vitabu, ila kitabu ninachokizungumzia mimi ni cha mapato na matumizi.

#10 Mwana wa Sakristia

Msharika amesema kweli inayotuuma sisi Wakatoliki pia. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha, wakati halmashauri ya kichungaji, kwa kanuni ya 536, inategemea uamuzi wa askofu. Wengi wanadhani ni kinyume chake.

#11 Mpenda Maneno

Nitaingia kwa upande wa lugha, lakini sitoki nje ya mada. Neno parokia limetoka katika Kigiriki, paroikia, na maana yake ya awali ni ukaaji wa mgeni, mtu anayeishi jirani na wenyeji bila kuwa mwenyeji. Ndilo neno lililotumika katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 1, mstari wa 17, pale waamini wanapoambiwa waenende kwa hofu katika muda wa kukaa kwao kama wageni. Baadaye likaja kuwa jina la eneo lenye mipaka, hata Waingereza wakawa na desturi ya kuizunguka mipaka ya parokia kwa miguu kila mwaka, karibu na sikukuu ya Kupaa Bwana, wakiwa na watoto, ili kizazi kipya kijue mpaka uko wapi kabla ramani hazijaenea.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliieleza parokia kwa kuanza na eneo: jimbo hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu ina kanisa lake na watu wake. Ile ya mwaka 1983, kanuni ya 515, inaanza na watu: parokia ni jumuiya fulani ya waamini iliyoundwa kwa kudumu. Kwa hiyo mnapouliza nini kinaishikilia parokia, kwanza mkubaliane kama mnazungumzia ardhi au watu, maana Binti wa Makaburini anazungumzia ardhi na Sauti ya Pili anazungumzia watu.

#12 Sauti ya Pili

Mpenda Maneno, nimekuelewa, ila bibi yake Binti wa Makaburini hakuwa akizungumza na ardhi katika ile nusu saa.

#13 Msafiri

Niliwahi kuusoma mfano ambao naona unamaliza ubishi. Wakristo wa Japani walikaa miaka 300 bila padre hata mmoja, wakaendelea. Mwaka 1865, mjini Nagasaki, wanakijiji kutoka Urakami walikwenda katika kanisa jipya la Oura, wakamwendea padre Bernard Petitjean kimyakimya, wakamweleza kwamba imani yao ni moja na yake, na wakamuuliza iko wapi sanamu ya Mama Maria. Kama padre ndiye nguzo, hilo liliwezekanaje?

#14 Msomaji Mtulivu

Mfano ni mzuri, hesabu irekebishwe. Ukristo ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 1614, na padre wa mwisho aliyekuwa akihudumu kwa siri, Konishi Mancio, aliuawa mwaka 1644. Kutoka hapo hadi 1865 ni miaka 221.

Lililo kubwa zaidi ni namna walivyojipanga. Kila kijiji kilikuwa na mtu wa kutunza kalenda, aliyejua Pasaka na Kwaresima zinaangukia lini, mtu wa kubatiza, na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa. Kwa hiyo ubatizo waliuhifadhi, kwa kuwa katika lazima yeyote anaweza kubatiza, lakini Ekaristi na kitubio hawakuwa navyo. Walipompata padre walimpokea kwa furaha, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba walijijua kuwa wamepungukiwa.

#15 Mwana wa Sakristia

Hapo umenisaidia. Ongezeni na Korea. Yi Seung-hun alibatizwa Beijing mwaka 1784, akarudi kwao, na walei, waumini wasio mapadre, wakaanzisha Kanisa wenyewe bila mmisionari. Baadhi yao walianza hata kuadhimisha sakramenti kama mapadre kwa kutojua, na walipotambua kosa lao wakaacha, wakaandika Beijing kuomba padre. Zhou Wenmo akaingia mwishoni mwa 1794. Watu wale hawakusema "tunatosha." Waliomba.

#16 MtunzaVitabu

Ninawashukuru wote. Mtunza kalenda wa Japani amenigusa kuliko mfano wowote, kwa sababu ndiye katibu wa parokia aliyefichwa.

Niseme kwa nini navishikilia vitabu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulimtaka paroko aandike ndoa na mashahidi wake mwaka 1563, na Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaagiza vitabu vitano, kikiwemo kile cha hali ya kila nyumba. Leo, kwa kanuni ya 535, pembeni ya jina la mtu katika kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara chake, ndoa yake au daraja lake takatifu, popote vitakapofanyika. Hivyo mtu aliyehama akiwa na miaka mitatu bado anaishi katika ukurasa mmoja wa kijiji chake. Mwaka juzi alikuja mzee aliyetaka kufunga ndoa baada ya kuishi na mwenzake miaka mingi, na hakuwa na uhakika kama alibatizwa. Tulipekua siku mbili. Tulilipata jina lake likiwa limekosewa herufi moja, na kando yake jina la msimamizi ambaye hakuwahi kumfahamu, mwanamke ambaye bado yu hai, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Walikaa barazani mwa kanisa hadi jioni.

#17 Mkweli

Samahani, nitakuwa mkali kidogo. Mifano ya Japani na Korea ni ya mateso, na mateso huwakusanya watu. Kanisa nililobatizwa halikuteswa na mtu. Lilikuwa na katekista mwema, kwaya, makaburi, na mama wa ufunguo kama wa katibu. Vijana walikwenda kutafuta kazi, mmoja mmoja, hakuna aliyeaga kanisa rasmi kwa sababu kila mmoja alidhani atarudi. Nilirudi kwenye mazishi ya shangazi nikahesabu watu kumi na saba, mdogo kuliko wote akiwa na miaka hamsini na kitu, na wa kubeba jeneza ilibidi waombwe kutoka nje. Mnayoyataja yote yalikuwapo, na halikusimama. Pengine kanisa la kijiji hudumu pale kijiji kinapodumu, basi.

#18 Mwalimu wa Dini

Pole sana kwa shangazi, ndugu yangu. Sina jibu la kukupinga. Ninakuuliza tu: wale kumi na saba bado wanakutana?

#19 Mkweli

Kila Jumapili, saa tatu. Anayesoma masomo haoni vizuri, hivyo mjukuu wa jirani, ambaye si Mkristo, humwandikia kwa herufi kubwa.

#20 Msharika

Kabla hatujaendelea, MtunzaVitabu, vitabu hivyo mnavilinda vipi? Vyetu viwili vya zamani vimeliwa na mchwa.

#21 MtunzaVitabu

Viondoe sakafuni na ukutani kwanza, uviweke katika kabati la chuma lenye miguu, mbali na unyevu. Usivifunge kwa plastiki isiyopitisha hewa, kwa sababu vitaota ukungu. Usitumie gundi ya karatasi wala utepe wa kunata kwenye kurasa zilizochanika. Kila ukurasa upigwe picha kwa mwanga wa mchana, na nakala ikae mahali pengine, ila zisisambazwe kwenye simu za watu, kwani ndani yake kuna mambo ya siri ya familia. Nasi tumerudi kwenye utaratibu wa kufuli mbili: funguo moja ninayo mimi, nyingine anayo paroko.

#22 Sauti ya Pili

Nimerudi na jibu la swali la kwanza. Jumapili iliyopita niliuliza ufunguo wa kanisa letu uko kwa nani, na ilichukua watu wanne hadi kumpata anayejua. Uko kwa baba mmoja anayekaa benchi la mwisho, upande wa wanaume, ambaye nilidhani ni mtu wa kuja kwa nadra kwa kuwa hutoka mara tu baada ya baraka. Kumbe hutoka ili kwenda kuifungua milango ya pembeni, na hurudi kufagia tukishaondoka. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Nilimuuliza nani atamrithi, akasema hajaulizwa na mtu. Jumamosi hii nakwenda kufagia naye.